Honi Mpya Nyumbani kwa Mzee Asajile

Msasani, Tukuyu

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi Hadija, Kondoa.

Bibi, kama siku hizi umehisi ardhi ya huko inatikisika, usitoke nje kukimbia. Si tetemeko. Ni mjukuu wako napita Tukuyu na pikipiki. Huku hakuna dereva mwingine, wapo wanaoshikilia usukani tu. Mlima Rungwe wenyewe ukinisikia nakuja unajifunika ukungu kwa aibu.

Magoti yanasemaje? Bado yanagombana na wewe kila asubuhi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Nguo nikifua zinakauka siku nimeshasahau kama ni zangu. Ndizi nakula asubuhi, mchana na jioni, karibu nitaota majani. Zawadi, mdogo wangu unayemsomea Bibi, usiruke matani yangu, na ukifika pasipo na matani usiruke pia.

Yule mzee aliyenipa chumba cha uani nilipofika huku kama utingo wa lori la ndizi ni Mzee Asajile. Ananiita mwanangu, ingawa yeye ni mtu wa kanisani na mimi wa msikitini. Siku za soko nampeleka mjini na kumrudisha. Mwanawe wa pekee yuko Chunya machimboni, na mke wa huyo mwana, Tumpe, anakaa hapa nyumbani na mtoto mchanga.

Sasa Bibi, Wanyakyusa wana jambo lao, wanaita ukutila. Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawapishani njiani, mwanamke hata jina la mzee halitamki. Vijana wengi wa mjini wameliacha, lakini nyumba hii hapana. Mzee akitaka kuingia uani anakohoa kwanza, Tumpe anasikia, anajificha ndani. Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia Tumpe, "Shemeji, ninyi mnacheza kombolela na mzee mzima?" Akaniangalia kama unavyoniangalia wewe nikila kabla ya wageni. Akasema, "Hiyo ndiyo heshima yangu hapa, Issa. Sina nyingine."

Pikipiki ikaharibu utaratibu, maana inafika kabla ya kikohozi. Barabara yetu wanapita bodaboda wengi na malori ya chai, huwezi kujua nani ni nani. Basi Tumpe akaniomba tukiwa wawili, "Ukimleta baba, piga ile honi yako ya kuku anayekabwa kabla ya kona ya migomba. Nikiisikia hiyo naingia ndani." Tukakubaliana. Honi ile ilikuwa mbovu, inalia pii kama inaomba msamaha, lakini Tukuyu nzima hakuna nyingine kama hiyo. Hata mzee hakujua habari hiyo.

Mwezi huu nikaamua kuipamba pikipiki. Nikaenda kwa fundi Gwakisa, ana kibanda karibu na stendi, mdomo wake mkali kuliko bisibisi zake. Nikachagua kava jekundu la siti, vioo vipana vya pembeni, na taa mbili za ukungu. Fundi akasema, "Chukua na mwavuli. Abiria wako wanalowa kama dagaa."

Nikamwambia, "Mwavuli ni wa wazee. Nipe honi ya lori."

"Ya lori uifunge kwenye hiki kibaiskeli? Betri yako italia kabla ya honi."

"Wewe funga. Kama hujui, sema nimtafute anayejua."

Akacheka, akafunga. Akaivutia honi waya wa peke yake kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akabana kila kitu vizuri. Ile ya zamani akaishika mkononi. "Hii nayo nikuachie? Naweza kukuwekea swichi mbili, moja ya kila honi."

Nikamwambia, "Tupa."

Nikaijaribu pale pale, mama muuza maparachichi akaangusha ndoo. Bibi, nilijiona mfalme.

Nikampitia mzee sokoni moja kwa moja. Njiani akanigonga bega, "Leo una sauti ya bwana harusi, mwanangu." Nikazidi kuvimba. Kabla ya kona ya migomba nikaibonyeza kwa nguvu zote, nikaingia uani na taa zinawaka.

Tumpe alikuwa katikati ya ua anamwogesha mtoto kwenye beseni, kichwa wazi, kitenge kimeshuka. Akainua uso. Mzee alikuwa nyuma yangu, wakatazamana macho kwa macho. Mzee akafunika uso kwa kofia, akashuka pikipiki bado haijasimama vizuri, akageuka akarudi barabarani bila fimbo yake. Tumpe akajitupa kwenye migomba, uso chini ardhini. Mtoto akabaki kwenye beseni analia, na mimi ndiye niliyemtoa, povu kichwani.

Mzee amehamia kwa mdogo wake tangu siku hiyo. Dada yake mzee akaja juu, "Honi imesikika mpaka kanisani! Huyu amesikia, akasimama makusudi amtazame mkwewe!" Tumpe akajibu polepole, "Nilisikia lori, shangazi. Sikusikia Issa." Wakamcheka. Wakasema arudi kwao Masukulu mpaka akiri kwamba alikaidi. Mumewe kwenye simu anasema atafuata watakachosema wazee. Na Tumpe hawezi kukiri asilolifanya, ninamjua.

Waliniambia mimi ndiye nimpeleke. Alikaa upande, mtoto mgongoni, begi kwenye keria, juu ya kava langu jekundu, mvua inatunyeshea. Sikuigusa honi njia nzima. Tulipofika kwao akaniambia, "Issa, sikulaumu. Ulisahau kupiga. Waambie tu ulisahau, watanielewa." Nikaitikia kwa kichwa.

Nisalimie mama, mwambie kikohozi chake asikidharau. Nisalimie mjomba mchunga ng'ombe, na shangazi msuka vitanda, na yule jirani mpiga adhana mwenye sauti nzuri. Wewe Bibi nakubusu mkono. Waume wengine wakija kukuposa waambie mwenyewe nipo.

Jumapili baada ya ibada wazee walikaa kwa mdogo wake mzee, nikaitwa. Mzee Asajile akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nyuma yako nikasikia, lakini nataka useme wewe, hawa wakusikie. Ulipiga honi?" Wote wakanitazama. Nikasema, "Nilipiga, mzee." Akainamisha kichwa, akasema basi, imekwisha. Hakuna aliyeniuliza ni honi ipi, Bibi, na mimi sikusema.

Mjukuu wako,
Issa