Kwa Nini Chakula cha Wamara Huwekwa Nje ya Ua

Kampala, Jumatatu

Kwako Tata, baba yangu,

Shikamoo. Goti lako likoje tangu mvua zianze? Na Mawe, mama yetu, na kibanja cha migomba? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka, wala sitakuficha. Barua hii akusomee dada Koku peke yake. Mwalimu wa dini asiiguse.

Isingoma ametuuza. Ndiyo, Isingoma yuleyule uliyemketisha mwenyewe mkekani, ukapasua tunda la kahawa, tukachanjiana, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu siku ile hakuwa tena rafiki yangu Mnyoro. Alikuwa mwanao.

Jana baada ya misa sisi wafanyakazi wa kiwanda cha pamba tulikaa kambini tunakunywa. Mganda mmoja akasema amesoma gazetini kwamba mfalme wa kale Wamara alikuwa wa kwao. Nikacheka. Nikasema Wamara ni wetu, wa Buhaya, hata mtoto anajua. Isingoma akaruka: ni Mnyoro! Basi kelele. Huyu anavuta huku, yule kule, na mimi navuta. Watu wazima, Tata, tunagombania mtu aliyekufa kabla hapajawa na Uganda wala Tanganyika! Mpaka wa Wazungu umewekwa wewe una ndevu. Wamara angeujulia wapi? Hayo nayaona leo. Jana nilikuwa napiga meza.

Isingoma alipoona nashinda, akasimama. "Nyie Wahaya mnamwogopa tu, si wenu," akasema. "Mimi nimelala kwa baba yake huyu, kijijini Kishanda. Mzee ana kibanda cha kumtambikia Wamara nyuma ya migomba. Na pombe yake ya rubisi na kahawa humwekea nje ya ua. Nje! Nani humlisha babu yake nje ya ua?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ulinifundisha kuweka, hukunifundisha kwa nini. Na hilo nalo linaniuma, Tata, nakuambia kwa heshima zote.

Lakini si kicheko kilichonikausha damu. Kwenye benchi alikaa mwalimu wa dini wa parokia yetu, aliyekuja huku kumwona nduguye mgonjwa. Yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mzee huyo si ndiye anayepitisha sahani ya sadaka kanisani?" Isingoma akaketi. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Siri uliyomwonyesha kwa sababu ya kahawa ile, kaitumia kushinda ubishi wa walevi! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilinyanyua mkono nimvunje meno, nikakumbuka nilichomeza. Anayempiga ndugu wa kuchanjiana huvimba tumbo akafa, ndivyo ulivyotuambia. Nikaushusha. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, na sasa naandika nayo, mwandiko wenyewe Koku atauona.

Mwalimu huyo anapanda meli ya Bukoba Alhamisi, na akifika atamwambia padre. Barua nampa fundi cherehani wa kijiji cha Bakoba anayepanda meli hiyohiyo. Ameapa hatapitia nyumbani kwake, atakuja Kishanda moja kwa moja. Basi utamtangulia padre kwa siku moja, pengine. Wakikutenga na sakramenti, Mawe atakufa kwa aibu. Kibanda ukibomoe au ukiache, sitakuamulia. Ila ukikibomoa, niandikie kwanza kwa nini tunaweka nje. Nikilikosa jibu hilo, Isingoma kasema kweli, na ukoo wetu mzima umekuwa ukilisha mfalme wa watu.

Nisalimie Mawe, umwambie shuka lake nimelinunua. Nisalimie shangazi wa kisiwani Goziba akija na dagaa, na babu wa upande wa mama, ambaye najua atasema alikuonya. Na Koku anayesoma hapa asilie mbele yako.

Neno la mwisho. Asubuhi Isingoma alibisha mlangoni pangu. Sikumfungulia. Akasema kwa nje, "Mwandikie Tata, mwambie namsalimu." Ningependa kuitupa salamu hiyo chooni, lakini salamu ya ndugu wa kuchanjiana haizuiwi, wewe mwenyewe ulitufunga hivyo.

Anakusalimu mwanao Isingoma.

Ni mimi mwanao mwingine,
Rwegasira