Saa Moja kati ya Kinshasa na Lubumbashi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha jandarmeri, Lubumbashi, tarehe 14 Juni 1976

Jina: Citoyenne (Raia) Mwaba Kasonde
Umri: miaka 33
Kazi: mkunga
Makazi: komini (mtaa) ya Kenya, Lubumbashi

Mimi ni mke wa Mulenga, fundi wa tanuru la shaba, mliyemshika jana. Tuna watoto watatu, wa kwanza Chanda. Tangu tuoane amekuwa akinipimia muda wa njia ya kutoka hospitali hadi nyumbani. Nikichelewa kwa sababu mtoto wa watu amekawia kuzaliwa, chakula changu humwagwa nje.

Mnamo tarehe 13 Juni nilirudi kutoka Kinshasa. Hospitali ilinituma huko kwa mafunzo pamoja na Citoyen Mwenze, muuguzi. Ndege ilipaa saa tatu asubuhi, ikatua uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, saa sita mchana. Mwenze alinibebea valizi yangu ya nguo, maana mikono yangu ilishika furushi la samaki wakavu niliomletea mume wangu. Mulenga alikuwa mlangoni pa uwanja, amevaa abakosti yake ya sikukuu. Nilifurahi kumwona.

Hakunisalimu. Aliuliza, "Mama Chanda, mulitoka Kinshasa saa ngapi?"

Nikasema saa tatu. Akatazama saa yake ya mkono.

"Bantu ba bureau ya ndege banasema njia iko masaa mbili. Ile moja inabakia ulikuwa wapi na huyu?"

Mwenze alimweleza kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Kule ikiwa saa tatu, huku tayari ni saa nne. "Ndugu, hata radio inasema kila siku."

"Radio haina bibi," Mulenga akajibu, akampiga ngumi ya mdomo. Mwenze aliangukia toroli la mizigo. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Yeye hakumgusa Mulenga hata kidogo.

Askari walipomkamata, niliomba niongee naye. Nilimkumbusha kwamba siku ya kwenda tulipaa saa nne ya huku tukafika saa tano ya kule. Je, siku hiyo nilimwibia saa au nilimwongezea? Alihesabu kwa vidole, polepole. Niliona ameelewa. Nikangoja aombe msamaha.

Akasema kwa sauti ya chini, "Bon. Na ile masaa mbili ya kule juu, uliikala pembeni ya nani?"

Nilikuwa nimekaa kando ya mtawa mzee aliyelala njia nzima. Sikumwambia. Nilichoka.

Siombi afungwe. Naomba askari mmoja anisindikize nyumbani nikawachukue wanangu, niende nao kwa mama yangu Likasi. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: Mwaba K.

Yameandikwa nami, Adjudant Numbi. Askari ametolewa kumsindikiza shahidi. Mtuhumiwa ameuliza mara mbili askari huyo ni nani.