Nilimpokonya Mume Wangu Kipaza Sauti

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, na usinionee haya hata ukiona kosa ni langu, maana binti yangu ameshasema ni langu na mimi sijakubali, ndiyo sababu nakuandikia wewe usiyenijua wala kumjua mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka ishirini na saba, yule mtu unayemsikia bila kumwona akisema treni ya saa mbili inaingia jukwaa la tatu, na wenzake walimbandika jina la Tarumbeta kwa sababu sauti yake ilipita juu ya injini, juu ya wachuuzi, juu ya watoto wanaolia, na kila neno likamfikia abiria likiwa zima. Mimi ni fundi cherehani, na nikienda kununua uzi nilikuwa naizungukia stesheni makusudi, hata kama si njia yangu, nisimame kidogo nimsikie, naringa peke yangu kama msichana aliyeposwa jana.

Mwaka jana, asubuhi, anafunga vifungo vya shati, mkono na mguu wa kulia vikalegea na mdomo ukaenda upande, nikamuuliza una nini, akasema, "Kiatu." Nikamletea kiatu. Akakisukuma, machozi yanamtoka, akasema tena, "Kiatu!" Kumbe ni kiharusi, na siku ile kila alichotaka kusema, maji, hospitali, jina langu mimi mkewe, kilitoka kiatu.

Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, lakini maneno yakabaki huko yalikokwenda. Wakatupeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, mwanamke kijana wa umri wa binti yangu, akatuambia hali hii inaitwa afasia, kwamba mume wangu hajawa mtoto wala hajarukwa na akili, anaelewa karibu yote tunayosema na anajua anachotaka kusema, ila kulifikia neno ndiko kunakomshinda, na kuandika vilevile. Kila Jumanne nikawa nampeleka, wanashika picha, wanataja vitu, na mimi nikawa naandika kila neno lililorudi kwenye daftari langu la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja, leo mkasi, leo chumvi, leo jina la binti yetu. Mshauri, nilifikisha maneno mia mbili na kumi na nne! Hakuna mteja aliyeingia kwangu akatoka bila kusomewa orodha ile.

Na huku nje nikawa mdomo wake. Akiulizwa anaendeleaje, najibu mimi, kwa daktari, dukani, kwa majirani, maana namjua, akianza tu mimi najua anapokwenda, na sikutaka watu wamkodolee macho akihangaika.

Sasa hapa ndipo kwenye balaa. Stesheni wakaandaa sherehe ya kumuaga, mkuu wa stesheni akaja mwenyewe nyumbani na kumuuliza kama angeweza kusema mawili matatu, mume wangu akatikisa kichwa kukubali kabla sijafungua kinywa. Wiki sita akafanya mazoezi na yule mtaalamu, sentensi tatu tu, "Nawashukuru wote. Nilipenda kazi yangu. Safari njema." Nilimsikia bafuni akizirudia huku maji yanamwagika.

Siku ikafika, ukumbi wa abiria umejaa, nimemshonea suti mwenyewe, ya bluu nzito, imemkaa kama amezaliwa nayo. Akashika kipaza sauti akasema, "Nawashukuru wote." Watu wakapiga makofi mpaka mapaa yakaitika. Akasema, "Nilipenda..." Akakwama. Mshauri, kimya kile sijui kilichukua muda gani, watu wakaanza kuangalia viatu vyao, mwanamke mmoja wa usafi akaanza kulia, na mimi nikainuka, nikakichukua kile kipaza sauti mkononi mwake nikasema, "Anachotaka kusema mume wangu ni hiki," nikaongea dakika nane nzima, juu ya kazi yake, uaminifu wake, ugonjwa wake, nikaongea vizuri, sitajificha, watu walisimama kunipigia makofi.

Tulipofika nyumbani akavua koti, akalitundika taratibu, akanitazama machoni, akasema, "Yangu." Neno moja. Tangu siku ile, leo ya kumi na tisa, hajatamka kitu, si kwangu, si kwa binti yetu, na Jumanne mbili amekataa kutoka nje ya mlango. Binti yangu ananiambia, "Mama, umemnyang'anya." Nimemnyang'anya nini mimi niliyemlisha kwa kijiko? Au kiharusi kimerudi? Nimlazimishe aende hospitali au nimwache mpaka hasira zimwishe?

Ni mimi, mke wa Tarumbeta.

*

Dada yangu, mke wa Tarumbeta,

Kwanza la kwanza. Mtu akipoteza usemi ghafla baada ya kiharusi, hatusubiri siku kumi na tisa wala hatuandiki barua gazetini, tunamkimbiza kwa daktari siku ileile. Nimekutumia ujumbe wa simu na umenijibu kwamba daktari alikuja kumwona nyumbani jana na hakuna kiharusi kipya. Vizuri. Basi mumeo si mgonjwa zaidi. Mumeo amenuna, na ana haki.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kurasa tatu, na katika kurasa hizo umemnukuu mumeo maneno matano tu aliyoyatoa kinywani mwake, ukiacha ya mazoezi. Mengine yote ni yako. Hata hapa umemsemea.

Nakupa pole, na siyo pole ya mdomoni. Umemwosha, umemvisha, umemshonea, umekaa kwenye mabenchi ya hospitali Jumanne baada ya Jumanne. Maneno yale mia mbili na kumi na nne yana jasho lako. Lakini uliogopa nini ukumbini? Uliogopa aibu, na aibu ile haikuwa yake. Yeye alikuwa amesimama pale anatafuta neno, kazi anayoifanya kila siku kuanzia anapoamka. Ni wewe uliyeshindwa kukivumilia kimya.

Nimempigia mtaalamu wa tiba ya usemi ninayemfahamu, nikamsomea kisa chako bila kukutaja. Akaniambia mtu mwenye afasia neno lake linaweza kuwa njiani wakati sisi tumeshakata tamaa, na anapokatizwa lile lililokuwa linakuja hupotea, aanze upya. Akaniuliza, "Neno lililofuata lilikuwa lipi?" Nikaangalia barua yako. Kazi yangu. Dada, mumeo alikuja na lile neno la mwisho mpaka nyumbani. Alilikosa ukumbini, akatundika koti, akakupa. Labda alikuwa anamaliza sentensi. Labda alikuwa anakwambia hotuba ile ilikuwa mali yake. Mimi naamini ni yote mawili, na sijawahi kusikia hotuba fupi iliyonyooka namna hiyo.

Sasa sikiliza, na ufanye hivi. Leo, zima redio, kaa mbele yake, umwombe radhi kwa sentensi moja. Moja! Usimweleze kwa nini ulifanya, maana najua utafika saa nzima. Kisha unyamaze, hata asipojibu. Kuanzia hapo ukimuuliza jambo, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua tena kinywa, na kumi ikiisha ongeza tano. Akikosa neno, aonyeshe kwa mkono, achore, aitikie kwa kichwa, yote ni kusema. Ukitaka kumsaidia, muulize kwanza kama anataka. Na mtu yeyote akikuuliza wewe habari zake hali yeye yupo pale, mwelekeze kwake.

Usimlazimishe kwenda hospitali. Mwambie Jumanne ipo, wewe utakuwa mlangoni umevaa viatu, uamuzi ni wake. Umeolewa na mwanamume mwenye fahari, mshukuru Mungu, maana fahari hiyo ndiyo iliyomrudishia maneno mia mbili.

*

Wiki tano baadaye mama huyu aliniandikia tena. Nimeomba ruhusa ya kuchapisha, na safari hii ruhusa nimeiomba kwa wote wawili.

"Mshauri, nilimwomba radhi kwa sentensi moja, nusura nipasuke. Hakujibu. Jumanne ya kwanza alibaki kitini. Ya pili nilimkuta amevaa suti ya bluu, amesimama mlangoni ananisubiri mimi.

Pale mapokezi karani mpya akaniuliza, 'Mgonjwa anaitwa nani?' Nikamwambia, 'Muulize mwenyewe.' Akamuuliza. Nyuma yetu foleni ndefu, mtu mmoja anakohoa makusudi, mwingine anasema jamani tuna kazi. Mimi nimeng'ata ulimi, nahesabu, nimepita kumi, nimepita thelathini. Akasema jina lake. Akapumzika, akasema la baba yake. Akapumzika tena, akasema la babu yake, yote matatu, mazima, kama anatangaza treni. Karani akauliza umri. Hapo nikasahau, nikasema, 'Hamsini na...'

Akanigeukia, akanyoosha kidole, sauti ikatoka ile ya zamani, mpaka mlinzi wa getini akageuka. 'Nyamaza wewe! Naongea.'

Foleni nzima ikacheka, na aliyekuwa anakohoa akapiga makofi. Sijawahi kunyamazishwa mbele za watu maishani mwangu, na sijawahi kujisikia mke wa mtu kama siku ile. Nikanyamaza. Karani akauliza tena umri, mume wangu akavuta pumzi, na sote tukamsubiri."