Mguu Sitampa Yule

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima kama chuma, ila mguu. Kisu cha kukatia soli kiliteleza kikanichana muundi, kitu kidogo. Sasa umevimba, mwekundu, unawaka kama pasi. Utapona wenyewe, mwili huu haujawahi kushindwa. Zahanati siendi, sababu unaijua: tabibu ni yule yule aliyekuacha wiki ya harusi, kadi zimeshagawiwa. Mguu sitampa.

Baba yako, fundi viatu asiye na mpinzani

4 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo, wodini kazi tele. Ngozi ikivimba na kuwaka hivyo, vijidudu vimeingia ndani. Chora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu. Wekundu ukivuka, au ukipata homa, nenda siku hiyo hiyo. Usikamue, usipake mafuta ya taa. Mguu uweke juu ya mto.

Bintiyo

6 Machi

Mwanangu,

Za wodini? Mstari nimechora, kwa kalamu yangu ya kazi isiyofutika. Wekundu haujavuka! Kila ukiufikia, nachora mwingine mbele yake. Jana chini ya goti, leo gotini. Unaniogopa. Natetemeka kidogo, baridi tu. Yule alipita mbele ya kibanda nikatema mate. Afe yeye kwanza.

Baba yako

7 Machi

Shikamoo Baba,

Mstari ni ule wa kwanza tu, Baba! Na kutetemeka huko ni homa, sumu inaingia kwenye damu. Utakufa, naye atapita kaburini kwako akipiga mluzi. Unataka kumfurahisha? Pale zahanati hawana muuguzi, vidonda anaosha mwenyewe. Atapiga magoti mbele yako.

Nenda leo.

Bintiyo

13 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mimi uvimbe umeshuka. Hilo la magoti ungelisema mwanzo! Sindano siku tatu, sasa vidonge, navimaliza vyote. Nyumbani mguu uko juu ya mto, kama ulivyosema.

Kule zahanati yule aliniletea kiti cha kuinulia mguu. Nikakataa, nikauacha sakafuni. Akapiga magoti, mwanamume mzima na koti lake jeupe, foleni yote inatazama, akaosha usaha. Siku nne mfululizo. Ya nne akasema bila kuinua kichwa, "Mzee, nisamehe. Mwambie na binti yako."

Nikamwambia, "Hapo katikati ya vidole hujaosha."

Baba yako