Ndugu wa Kupigiwa Simu

Dada yangu,

Mimi mzima, cherehani bado inanilisha. Mazoezi ya mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na mbio yanaendelea.

Miezi mitatu iliyopita lori lilinipita karibu mno, nikatupwa mtaroni pamoja na baiskeli. Bega likateguka. Hospitalini muuguzi aliuliza, "Tumpigie nani aje kukuchukua?"

"Nitajikokota mwenyewe," nikamjibu. Nikarudi kwa miguu, nikilia njia nzima.

Sasa naendesha tena. Gari likinguruma nyuma yangu husogea ukingoni mwa barabara, lakini sishuki.

Jana fomu ya mashindano ilitaka jina la ndugu wa kupigiwa. Tangu tugombane kwenye msiba wa mama hatujasemezana, lakini nimeandika lako. Wakikupigia, tafadhali pokea.

Mdogo wako