Kaboni kwenye Jiwe la Mama

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, mlima haujaonekana.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuwa soksi yangu ya kushoto, iliyokuwa nyeupe, imeaga rangi yake. Niliitumia kuchujia kaboni.

Wasomaji wangu watatu mnaikumbuka grafini: kaboni iliyobanduliwa hadi ukabaki utando mmoja tu. Nilisoma humu humu intaneti kafe kwamba ukiipaka kwenye bati, inatunza umeme. Maabara sina. Nina vijiti vya kaboni vya betri za redio zilizokufa, na sabuni ya maji. Alhamisi Mama alipokwenda jumuiya, nikavisaga kwenye jiwe lake la kusagia ulezi.

Nikasuuza. Nilidhani nimesuuza.

Ijumaa nilishinda Rau kwa fundi mwenzangu. Niliporudi, ulezi ulishatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Jana wazee wakaja kutoka Sanya Juu kumposa dada yangu Apolonia. Mama akaweka mtungi katikati, akawaambia ulezi ameusaga kwa mikono yake, juu ya jiwe, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake.

Nikachungulia mtungini. Nikaona weusi.

Betri si chakula.

Mjomba wa bwana harusi alishainua kata. Nikatoka mbio, nikachuma jani la isale, nikampigia magoti. Kwetu ukiletewa isale unasamehe, hakuna ubishi. Ila hakuna mila inayokulazimisha kuoa kwa watu wanaokunywesha betri.

Nikaungama yote. Apolonia akajifunika uso kwa kanga. Mama alitazama chini.

Mzee akaweka kata. "Umetunyima pombe kwa sababu ya umeme wako. Ulete basi tuuone."

Nikaleta bati zangu nyeusi, kila mbili zimebana kitambaa cha maji ya chumvi. Nilikuwa nimezichaji asubuhi. Nikaunga taa ndogo nyekundu niliyoing'oa kwenye redio.

Ikawaka. Sekunde nne.

Kisha mzee akacheka mpaka akakohoa, akapokea isale. "Huyu atatuunguzia nyumba," akawaambia wenzake, "lakini nyumba hii haina waongo. Tunaoa."

Wakanywa soda. Mbege wakapewa nguruwe.

Leo baada ya misa nikamwomba Mama radhi kwa kumwaibisha mbele ya wageni. Hakuinua kichwa kwenye ndizi alizokuwa akimenya.

"Ule ulezi niliusagisha mashineni, weusi ni maganda yake tu," akasema. "Jiwe sijaligusa tangu Pasaka."