Rangi Juu ya Ufa

Kindu, Mikelenge, 1984

Bwana yangu mudogo Okito, mujukuu wangu,

Jirani Mbambu njo anaandika. Mimi ninasema tu. Muhogo umekauka vizuri. Barua yako ilifika: ati meli yenu ya mafuta inapasua barafu, tumbo lake ni chuma mara mbili. Sawa. Lakini ndani umeona ufa, na mukubwa wenu amesema, "Paka rangi, tuendelee."

Babu yako, mwenye jina lako, aliambiwa vilevile hapa bandarini. Akapaka. Muto Lualaba ukameza boti pamoja naye. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Usipake. Shuka kwenye bandari ya kwanza, hata wakikuita mwoga. Mimi siwezi kulilia Okito mara mbili.

Koko wako, bibi yako anayekuwekea sombe ya majani ya muhogo,
Mwayuma